Sehemu Iliyoanguka Kila Saa Tisa

Kila siku saa nane na nusu Chiriku alirudi kutoka shuleni, akavua viatu mlangoni na kuisalimia nyumba tupu. Dada yake ndiye aliyembandika jina hilo la utani kwa sababu ya mdomo wake usiopoa. Sasa dada alikuwa chuoni, mbali, na mdomo ule haukuwa na wa kusema naye. Mama alirudi saa kumi na moja, akala macho yakiwa kwenye kompyuta, na akiulizwa kama chakula kimekolea chumvi alijibu, "Eti?" Binti wa miaka kumi na miwili, na upweke ulikuwa umemjaa tele.

Mama alikuwa mtaalamu wa programu. Kwa mwaka mzima alikuwa akibuni njia ya kompyuta kuzungumza na kompyuta nyingine kwenye mtandao. Hakutaka iwe dude moja kubwa, akaigawa. Sehemu ya kwanza ilipokea ujumbe kutoka kwenye waya, ya pili ilisoma anwani, ya tatu iliufikisha unakotakiwa. Kila sehemu ilikaa chumba chake ndani ya kompyuta, marufuku kuingia kwa jirani, na zilielezana mambo kwa kutumiana ujumbe tu. Moja ikianguka, programu ndogo aliyoiita mlinzi iliiinua, na nyingine zikabaki salama.

Kompyuta mbili za majaribio zilikaa juu ya meza ya kulia zikitumiana ujumbe. Zikimaliza juma zima bila sehemu yoyote kuanguka, kazi ingepelekwa ofisini.

Chiriku aliwahi kumwona mama akiiangusha sehemu ya kwanza kwa amri fupi ili ampime mlinzi. Alasiri moja naye akaiandika. Kioo kikaonyesha: sehemu ya kwanza imeanguka. Kufumba na kufumbua: sehemu ya kwanza imesimama. Akacheka peke yake. Hatimaye ndani ya nyumba ile kulikuwa na kitu kinachomjibu. Kesho yake akarudia, na siku mbili zilizofuata akarudia tena na tena.

Siku ya tano mama hakula. Alimpigia simu mkuu wake wa kazi, akamweleza kwamba sehemu ya kwanza huanguka kila siku karibu saa tisa, na kwamba amepekua programu mstari kwa mstari asione kosa.

"Labda wazo lenyewe ni bovu," alisema, sauti imemwishia. "Kesho navunja vyumba vyote, naunganisha kila kitu. Mwaka mzima umepotea."

Chiriku alikuwa akisikia kila neno. Kompyuta iliandika kuanguka, haikuandika nani kaiangusha. Akinyamaza, hakuna atakayejua kamwe. Akapiga moyo konde.

"Mama, haianguki yenyewe. Ninaiangusha mimi."

Mama aligeuka polepole, akamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu inajibu."

Mama alikasirika, tena sana. Alimtaka aandike kila mara aliyoigusa kompyuta, akalinganisha na orodha ya kuanguka iliyowekwa na kompyuta. Zote zililingana. Programu haikuwa na kosa. Ndipo akavuta kiti karibu na mwanawe.

"Umenipotezea siku nne, na jaribio tutalianza upya. Lakini umesema kabla sijavunja, umeiokoa kazi yangu. Sikiliza, mwanangu. Sehemu ikianguka, mlinzi anaiona, anaiinua. Inayonitesa ni ile iliyo hai lakini imenyamaza, nyingine zinaisubiri bure. Ukificha kosa, hakuna anayeweza kukusaidia. Ukificha upweke, ni vivyo hivyo. Lakini wewe ulinisemesha mezani, mimi ndiye sikusikia. Hapo kosa ni langu."

Akaifunga kompyuta yake. "Haya, shuleni leo kulikuwaje?"

Chiriku alifungua mdomo, asijue aanzie wapi baada ya miezi yote ile. Akaanza tu.