Spika ya Nyuma Kushoto

Jumamosi hiyo ilianza kama Jumamosi nyingine yoyote huko Mountain View. Waceke alikuwa nyuma ya nyumba akianika nguo huku akiimba, binti yao Anita akimpa vibanio kimoja kimoja, naye Kiragu alikuwa jikoni akioka kanda. Ndiyo, kanda ya muziki. Kanda za zamani gundi yake hulegea, na ukizicheza hivyo hivyo zinabanduka, kwa hiyo fundi wa sauti huzipasha kwanza kwenye oveni kwa moto mdogo sana. Kiragu aliijua kazi hiyo kuliko wengi Nairobi nzima. Ubaya wake ni kwamba alijua kuwa anajua.

Kanda yenyewe ilirekodiwa mwaka 1976, ghorofani karibu na River Road, na bendi ya Wakamba ambayo watu walikuwa wameshaisahau. Ilirekodiwa kwa njia nne, mtindo wa siku hizo: spika mbili mbele yako, mbili nyuma yako, na kila moja inatoa sauti yake. Sasa ilikuwa 2004, na wenye nyumba kubwa za Karen walikuwa wamejaza spika tano tano sebuleni. Kiragu alitaka kuwatolea albamu hiyo upya kwenye diski za kisasa, muziki umzunguke mtu pande zote.

Mwenye ruhusa alikuwa Syokau, mwimbaji pekee wa bendi ile aliyebaki hai, mama mzee aliyeishi Kangemi. Alikuja mchana huo, akaketi kwenye ukingo wa kochi na hakugusa chai.

"Nyuma kushoto ni pa Mwelu," alisema kwa sauti ya chini. "Dada yangu. Alikufa tukijitayarisha kurekodi. Tuliweka kiti yake, tukafungua maikrofoni yake, tukaimba. Hapo hakuna mtu. Wacha hivyo hivyo."

"Nimesikia, mama."

"Sitaki usikie. Nataka uape."

Kiragu akaapa upesi, jinsi mtu anavyomkubalia mtoto ili anyamaze.

Alipoicheza kanda, kweli nyuma kushoto hapakuwa na kitu ila mvumo. Wimbo wa kwanza, mvumo. Wimbo wa mwisho, mvumo. Alikereka. Nani atanunua diski yenye spika moja bubu? Wateja wangesema ni mbovu, na jina lake lingeharibika mjini. Angeweza kurudi kwa yule mama na kumwomba. Hakurudi. Alimwita mkewe, ambaye kanisani kwao ndiye aliyebeba kwaya nzima, akamsimamisha mbele ya maikrofoni.

"Na yule mama amekubali?" Waceke aliuliza.

"Amekubali. Wewe imba tu."

Mtu mzima na akili zake, akamdanganya mkewe machoni! Waceke hakujua hata neno moja la Kikamba, kwa hiyo aliitikia kwa mdomo uliofumbwa, taratibu, vizuri mno. Kiragu akaiweka sauti yake pale nyuma kushoto, juu ya ule mvumo. Diski zikatengenezwa, zikaenda madukani.

Diski zilipoanza kuuzwa, koo la Waceke likaanza kukauka. Zilitangulia kupotea zile sauti za juu. Kisha hata kumwita Anita kukawa kazi. Daktari mmoja wa mjini alimmulika kooni akasema hana ugonjwa wowote. Jumapili alisimama na kwaya, akafungua mdomo, na hakikutoka kitu. Alilia njia nzima wakirudi nyumbani, na kilio chenyewe hakikuwa na sauti. Hapo ndipo Kiragu alipoogopa.

Kesho yake, Anita akiwa shuleni na Waceke amelala chumbani, aliweka diski. Jua lilikuwa limejaa sebuleni. Alizima spika nne, akaacha ile moja.

Sauti ya mkewe ikaja, tamu kama siku ile. Kisha ikakatika. Mtu akavuta pumzi. Kiti kikakwaruza sakafu.

"Inuka," mwanamke alinong'ona. "Hapa ni pangu."

Kiragu hakuwa amerekodi hayo. Alisimamisha diski.

Kiti kikakwaruza tena.

Alichukua koleo, akakata waya wa spika, akatoka mbio hadi Kangemi. Syokau alifungua mlango kiasi cha uso wake tu. Alimwangalia yule mwanamume anavyohema, akajua.

"Ulikalisha nani?"

"Bibi yangu. Mama, tafadhali, nisamehe."

"Uliniapia."

"Nisaidie. Nimekosa."

Usoni mwa yule mama hapakuwa na huruma hata chembe. "Basi wameketi wawili kwa kiti moja," alinong'ona. "Mmoja atainuka."

"Nani?"

"Mwenye amechoka kukaa."

Akafunga mlango. Kiragu aligonga, akagonga, hadi majirani wakaanza kumtazama vibaya.

Alipofika kwake alasiri, alisikia kuimba tangu getini. Sauti ya mwanamke, nzima, imejaa, inatoka jikoni. Alifurahi. Alikimbia. Waceke alikuwa amempa mgongo, anakoroga sufuria.

Ndipo alipoyasikia maneno. Kikamba. Ubeti mzima. Kisha mwingine, ambao hata kwenye kanda haukuwemo.

"Waceke," alinong'ona.

Hakugeuka.

"Waceke!"

Aligeuka polepole. Uso ulikuwa ule ule. Alimtazama Kiragu jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi, kisha akajinyoosha mgongo.

"Miguu inaniuma," alisema. "Nimekaa sana."

Kiragu alirudi kinyumenyume hadi sebuleni. Anita alikuwa amerudi kutoka shuleni, bado amevaa sare. Alikuwa amepiga magoti kwenye kona ya nyuma, kushoto, sikio limebanwa kwenye spika. Waya uliokatwa ulilala sakafuni kando yake.

Mtoto alikuwa akinong'ona.

"Ndiyo, mum. Nimekula. Huyu mwingine ndio amenipikia."