Tamthilia ya Marika

Jumamosi, hapa kwetu Wolna, mji wote huhamia kwenye ukumbi wa barafu. Nje upepo wa jimbo letu la Saskatchewan unakata masikio. Ndani watoto wanacheza hoki, wazazi wanawazomea waamuzi, na wakishakaukwa na koo wanakuja kantini kudai chipsi na chokoleti ya moto. Marika, msichana wa miaka kumi na tatu, alikuwa mhudumu wa kujitolea katika kantini hiyo, na aproni yake aliipiga pasi mwenyewe.

Wenzake kazini walikuwa watatu. Bibi Stefa alipika pirogi, maandazi madogo yenye viazi ndani, na kutoa amri. Janelle, msichana wa chuo, alipokea pesa. Bwana Dirk aliendesha mashine ya kulainisha barafu, kisha alikuja kunywa kahawa na kuchokoza watu.

Mchezo ukianza, dirisha la kantini hubaki tupu. Hapo wao walivuta viti na kupiga soga, na soga lao lilikuwa na utaratibu wake: kila mmoja aseme alichotazama au kusikiliza wiki ile kikamfurahisha, kisha atoe habari za nyumbani.

"Mimi bado niko na mashindano ya wapishi," alisema Bibi Stefa. "Yule mwenye ndevu kaunguza keki tena! Nilitamani niingie kwenye televisheni nimzabe kibao. Nyumbani, goti linanisumbua, na mjukuu wangu kaota jino."

"Mimi nasikiliza kipindi cha wavuvi wanaovua samaki chini ya barafu redioni," alisema Bwana Dirk.

Janelle aliangua kicheko. "Watu wamekaa kimya kusubiri samaki, na wewe unasikiliza?"

"Ndiyo utamu wake, binti! Nyumbani, mke wangu kanipiga marufuku bekoni."

Zamu ya Marika ilipofika, alisema kama ilivyokuwa desturi yake, "Nyumbani nzuri tu."

Lakini haikuwa nzuri. Baridi ilipozidi, Marika aligundua tundu ukutani, kule chini ulipo mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto. Hewa ya barafu ilikuwa ikimiminika humo. Alisokomeza humo blanketi kuukuu mpaka tundu likazibika kabisa, na mama yake akamsifu kwa akili.

Baada ya hapo nyumba iligeuka. Marika alianza kusikia nyayo darini, ambako hakuishi mtu. Alihisi kuna anayesimama nyuma ya mlango wa bafu, akipumua. Mushka, paka wao, alikataa kuingia ndani, akawa anajikunyata chini ya ngazi katika baridi ile ya kuua. Na siku moja Marika alimkuta mama yake jikoni, ameweka vikombe viwili mezani, akizungumza taratibu na kiti kitupu.

"Unaongea na nani, mama?"

"Na bibi yako," mama alijibu, akitabasamu. Bibi alikuwa amekwisha kufa. Mama alishtuka kama mtu anayeamka, akamkamata Marika mkono kwa nguvu. "Usimwambie mtu, mwanangu. Watasema nina wazimu. Watawachukua wewe na Levko."

Levko ndiye mdogo wake. Marika aliogopa mizimu, lakini hofu ya kutenganishwa ilikuwa kubwa zaidi. Siri ile ilimkaba. Ndipo Jumamosi moja, alipoulizwa alichotazama, mdomo ulijifungukia wenyewe.

"Natazama tamthilia," alisema. "Ni ya kutisha. Kuna familia, marehemu wao amerudi."

Aliwasimulia nyayo, kiti kitupu, na paka. Bibi Stefa aliacha pirogi zikaungua. Jumamosi iliyofuata walimdaka hata hajavaa aproni. "Enhe! Yule marehemu kafanya nini?" Marika aliwasimulia tena, na kila aliposimulia kifua kilikuwa chepesi kidogo.

"Na nyumbani?" Bwana Dirk aliuliza.

"Nzuri."

Wiki nyingine Marika alifika akiwa mweupe kama karatasi. Bibi Stefa alivuta kiti upesi. "Haya, kuna sehemu mpya?"

"Ipo. Sasa yule mdogo mtu naye ameanza. Asubuhi ametapika, akasema kuna mtu amemkalia kifuani. Mama yao hakuwa na nguvu hata ya kumwinua. Wamerudi kulala wote wawili."

"Masikini! Na yule dada mtu?"

"Kichwa kinamuuma sana. Lakini kila akitoka nje kinapoa."

"Mimi nimeitafuta tamthilia hii wiki nzima," alisema Janelle. "Haipo popote. Inaitwaje?"

Marika aligeukia vikombe, akaanza kuvipanga upya.

Bwana Dirk aliweka kikombe chini. Ukutani nyuma yake kilikuwapo kifaa kidogo cha kupima gesi ya sumu, kwa sababu mashine ya barafu hutoa moshi ndani ya ukumbi. Dereva wa mashine hiyo hufundishwa dalili za sumu hiyo kabla ya kushika usukani. Utani wote ulikuwa umemtoka.

"Marika, nyumba hiyo inapashwa joto kwa gesi?"

"Ndiyo."

"Nani yuko ndani sasa hivi?"

"Ni tamthilia tu, Bwana Dirk."

"Mwanangu," alisema polepole, "nani yuko ndani sasa hivi?"

Machozi yalimbubujika Marika. "Mama na Levko. Wamelala."

Bwana Dirk alitoka mbio bila koti, Marika nyuma yake. Bibi Stefa alishika simu kuita gari la wagonjwa. Janelle alipiga kelele ukumbini, kwani nusu ya wazima moto wetu walikuwa jukwaani wakitazama hoki.

Nyumba ilikuwa kimya, mapazia yamefungwa. Bwana Dirk aliusukuma mlango ukafunguka wazi, akamzuia Marika kwa mikono miwili alipotaka kuingia. "Mama!" Marika aliita. "Levko!" Hakuna aliyejibu. Wazima moto walifika na barakoa zao, wakaingia, na kwa muda ule Marika aliamini kwamba nyumba imewameza wote.

Walitolewa wakawekwa juu ya theluji. Levko alikuwa amelegea kama nguo mbichi. Kisha akakohoa, akalia. Mama alifumbua macho.

Mkuu wa wazima moto alitoka ameshika blanketi kuukuu. "Mtambo ulikosa hewa," alieleza. "Ukikosa hewa unatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Inaumiza kichwa, inamfanya mtu asikie na kuona yasiyokuwepo, kisha inamlaza moja kwa moja." Kengele ya gesi waliikuta kabatini, haina betri.

Hospitalini Marika alilia kwa kwikwi. "Mimi ndiye niliyeziba!"

"Na mimi nilikusifu," mama alisema. "Kwa hiyo mama yangu hakuja. Alinisuka nywele, Marika. Nilivihisi vidole vyake." Akageukia ukuta, akalia kama aliyefiwa upya.

Bibi Stefa alikaa kati yao. "Mliziba mahali pawili," alisema. "Mliziba tundu la hewa kwa kukimbia baridi, mkaziba na midomo yenu kwa kuogopa watu. Mtu akikuuliza habari za nyumbani, Marika, na nyumbani si kuzuri, mwambie. Sisi tuliuliza ili tusikie. Na nyumba yenye moto lazima ipitishe hewa, hata mkitetemeka."

Waliporudi nyumbani, Bwana Dirk aliwafungia kengele ya gesi yenye betri mpya, na Mushka akaingia ndani mwenyewe. Huko kantini, Bibi Stefa alibadilisha utaratibu. "Sasa tunaanza na habari za nyumbani," alitangaza. "Na atakayesema 'nzuri tu' ataosha masufuria. Marika!"

Marika alifikiri. "Levko anakula mpaka anatia aibu," alisema. "Na mama bado anaweka vikombe viwili asubuhi. Anajua bibi haji. Anaweka tu."

Hakuna aliyecheka. Bibi Stefa alifungua droo, akatoa aproni safi, akamwekea Marika mapajani.

"Mpelekee mama yako," alisema. "Mwambie Jumamosi ijayo kikombe chake kitakuwa hapa."