Nimeshiba

Siku ya maonyesho ya nafasi za masomo, ukumbi wa chuo ulifurika mpaka milangoni. Hawa wanaulizia ufadhili wa ng'ambo, wale wanataka muhula mmoja tu katika chuo kingine cha humu humu nchini, na kila mtu anaongea kwa sauti. Katikati ya zogo hilo alisimama binti mmoja anayesomea ubunifu wa mavazi, gauni la njano alilolishona mwenyewe limemkaa vizuri, viatu vya kuazima vinambana.

"Dada, kaa hapa," akasema kijana mrefu, akimsogezea kiti chake. Alikuwa mwanafunzi wa upimaji ardhi, shati limenyooshwa kwa pasi mpaka linasimama lenyewe. Alikuja chuoni hapo kutoka chuo kingine cha humu nchini, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, ndiyo maana wenzake walimwita Mgeni.

"Hapana, asante. Sijachoka."

"Kaa bwana!"

Binti akakaa hata kabla kijana hajamaliza kusema. Mgeni akacheka. "Si umesema hujachoka?"

"Bibi yangu ndivyo alivyonilea. Ukikaribishwa, kataa kwanza. Mwenye nia atarudia."

Mgeni akambatiza jina baada ya siku chache tu: Nimeshiba. Na jamani, lilimfaa! Akikaribishwa chakula, "nimeshiba." Akikaribishwa tena, anamaliza mpaka mchuzi. Hata alipotongozwa alisema, "Wewe! Mimi na wewe wapi na wapi?" Kesho yake Mgeni akarudia, na mapenzi yakashika moto.

Muhula ulipokaribia kwisha, binti akapata nafasi mbili: mwaka mzima ng'ambo, au kubadilishana kwenda chuoni kwao Mgeni. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Nikwambie kweli, moyo wake ulishachagua kumfuata Mgeni. Ulichongoja ni kubembelezwa tu.

Wakakaa kwenye ngazi za maktaba.

"Njoo chuoni kwetu, mpenzi," akasema Mgeni.

"Thubutu! Niache ndege nije kuangalia mawe yenu ya mipaka?" Akamtupia jicho la pembeni, akangoja.

Mgeni akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama viatu vyake. "Haya. Nenda, laazizi. Nakutakia heri."

Heri gani hiyo! Lakini binti alishikwa na kiburi. Akatabasamu, akasema asante, na Ijumaa akachagua ng'ambo.

Huko alipiga simu wiki ya kwanza.

"Mgeni wangu, utanicheka. Mama mwenyeji kaniuliza, utakula? Nikamwambia nimeshiba. Kaondoa sahani! Nimelala na njaa, mwenzio."

"Masikini! Hakurudia?"

"Huku hawarudii. Wanauliza mara moja." Akaongeza, "Kama wewe."

"Mtandao unakatikakatika, mpenzi," akasema Mgeni. Mtandao ulikuwa mzima.

Basi tena. Simu zikapungua, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze. Zikabaki salamu za asubuhi, na mwisho hata hizo zikakoma.

Binti aliporudi, Mgeni alikuwa ameshahitimu na kuajiriwa. Wakakutana kwenye mgahawa nyuma ya ofisi yake. Kijana hakuzungusha maneno: mwezi ujao anamuoa mfamasia.

"Hongera," binti akasema. Akakoroga chai iliyokwisha kukorogwa. "Siku ile kwenye ngazi, nilikuwa nasubiri useme tena. Mara moja tu zaidi."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Ningerudia ungebaki nchini. Dada yangu alibembelezwa na mchumba wake akaacha ufadhili, na mpaka leo hajamsamehe. Niliogopa na wewe uje unichukie hivyo."

"Sasa nani alikutuma uniamulie? Ng'ambo ningeenda hata baadaye. Mimi nilikuwa nakutaka wewe!"

Watu wa meza ya jirani wakageuka. Mgeni akainamisha kichwa, machozi yanamlengalenga. "Nimekosa. Hakuna siku inayopita sijasema, laiti ningerudia."

Wahenga husema majuto ni mjukuu. Hawa wawili walimpata hata kabla ya kuoana.

Walipoinuka, Mgeni akasema, "Karibu harusini." Alisema kwa adabu tu. Alimjua, angekataa, na safari hii pia yeye asingerudia.

"Asante. Nitakuja."

Mgeni akashtuka. "Hukatai?"

"Nimeacha. Kumeniponza."

Na kweli alikuja, na lile gauni lake la njano, akakaa viti vya nyuma. Alimpongeza bibi harusi kwa mikono miwili, bila kinyongo. Sahani ilipomfikia, mhudumu akamwambia karibu, naye akaipokea hapo hapo. Hakuimaliza.