Zulia Lililokatwa Kibudu

Siku zote ufagio ulikuwa ukinasa kwenye nyuzi zile. Asubuhi hiyo haukunasa.

Yamna alisimama katikati ya chumba cha wageni, akalitazama zulia ambalo mumewe alilitundika ukutani majani ya mierezi yakiwa bado na vumbi la kiangazi. Lilikuwa nusu zulia. Sehemu ya juu ilikuwa imefumwa, nyekundu iliyokolea, yenye macho ya pembe nne na mifupa ya samaki. Sehemu ya chini ilikuwa mtande mtupu, nyuzi nyeupe zilizoning'inia hadi sakafuni kama nywele za mtu aliyeinama kunawa. Sasa nyuzi hizo zilikuwa zimeiacha sakafu.

Akasogea, akagusa pale ufumaji ulipokomea. Pana unyevunyevu. Pananuka sufu mbichi, iliyotoka kuoshwa mtoni na bado ina mafuta ya kondoo.

"Baba Tuda! Nani amelichezea zulia lako?"

Bassu alikuja na glasi ya chai ya mnanaa mkononi. "Aliguse nani? Nitamvunja mkono."

"Nyuzi zimepungua."

"Panya hao."

"Panya hukata, Bassu. Panya hafumi."

Bassu akacheka, akambusu kichwani, akaenda zake kuwasha lori. Mwaka ule wa ukame alikuwa akipandisha shayiri milimani, na kila aliposhuka, alishuka na mazulia. Watu walikuwa wakitoa sandukuni vitu vya mama zao ili kondoo wao wafike msimu mwingine. Wachuuzi walinunua wakauze mjini Meknes. Bassu hakuuza hata moja. Aliyapenda kama wengine wanavyopenda farasi. Ukimwonyesha kona tu ya zulia alikutajia kabila, bonde, na kama mfumaji alikuwa mwali au mjane. Chumba kimoja kilikuwa kimejaa mpaka darini, na Yamna alizoea kumtania: "Mtoto wa pili nikimzaa, nakuapia, atatoka na pindo."

Lakini hili la nusu hakulitania. Tangu liingie halikumkaa moyoni.

Siku chache baadaye, baada ya chakula cha mchana, wakati mji mzima umejilaza, Yamna alisikia kitu akiwa jikoni. Du, du. Kimya. Du, du. Kimya. Ulikuwa mlio wa chanuo la chuma likishindilia uzi wa mshindio, mlio aliousikia tangu akiwa mgongoni mwa mama yake. Lakini katika nyumba yake hapakuwa na kitanda cha mfumi. Alikuwa ameacha kufuma miaka mingi.

Alitembea kwenye ukumbi taratibu, mkono ukipapasa ukuta, harufu ya sufu mbichi ikimjia nzito zaidi kila hatua, na alipousukuma mlango wa chumba cha wageni alimwona bintiye Tuda amepiga magoti chini ya zulia, uso ukielekea ukutani, msuko wake umefumuliwa, akichomoa unywele mmoja mmoja kutoka kichwani bila kushtuka wala kuona uchungu, akiupitisha kati ya nyuzi za mtande, na kila alipoupitisha lile chanuo liligonga, du, du, ingawa mikononi mwa mtoto hamkuwa na chanuo lolote.

"Tuda!"

"Shh, Mama," mtoto akanong'ona. "Usimkatishe. Anahesabu nyuzi."

"Nani anahesabu?"

Tuda akaonyesha kwa kidevu. Kando yake palikuwa na godoro la kukalia wageni. Halikuwa na mtu. Lakini lilikuwa limebonyea katikati, kama linavyobonyea mtu mzima akikaa, na Yamna alipokuwa akilitazama, lilibonyea zaidi upande mmoja, kama aliyekaa amegeuka kumtazama.

"Anasema anasikia baridi," Tuda akasema.

Yamna alimnyakua mtoto, akatoka naye mpaka barabarani, miguu mitupu.

Jioni ile hakumpokea mumewe kwa chai. "Umelitoa wapi zulia lile? Na usinidanganye, Bassu, maana nimekiona kichwa cha mwanangu."

Bassu aliona upara wa kiganja kizima juu ya sikio la Tuda. Akaketi chini, akasema.

Alilitoa Asaka, kijiji cha juu kabisa milimani, kwa mzee mmoja aliyeitwa Moha. Dada wa mzee huyo, Rabha, alikufa akiwa amekaa kwenye kitanda cha mfumi, uzi mkononi, na chumba kikafungwa hivyo hivyo tangu ujana wao. Ukame ulipobana, mzee alikifungua. Alimwambia Bassu alichukue zulia pamoja na miti ya kitanda chake, asilikate, kwamba kukata ni kazi ya wanawake. Bassu akaahidi. Lakini lori lilikuwa limejaa watu waliokuwa wakihama na kondoo wao. Miti haikuingia.

"Ukafanyaje?"

"Nilikuwa na kisu mfukoni."

"Ulilimwagia maji?"

Bassu akatikisa kichwa.

"Ulilitamkia shahada, angalau?"

"Mama Tuda, ni sufu tu..."

"Sufu tu!" Sauti ya Yamna ilitoka ya chini, ya kukwaruza. "Mama yako alikufundisha nini? Mtande ukishapanda una roho. Zulia linazaliwa, linakua, na siku ya kulikata linamwagiwa maji na kusomewa kama mtu anayekata roho. Wewe umelikata kibudu. Halijafa, Bassu. Umeleta ndani mtu aliyechinjwa nusu."

Alfajiri Bassu alipakia zulia akalirudisha. Asaka hakumkuta mzee. Watu wengi walikuwa wameshateremka mijini. Alilifunga kwenye ile miti yake ndani ya chumba kile, akapigilia mlango misumari, akarudi akiwa na matumaini.

Alimkuta Tuda amekaa mbele ya ukuta mtupu. Vidole vyake vilikuwa vikipanda na kushuka hewani, vikipitisha kitu kisichoonekana, na midomo yake ilikuwa imebadilika rangi kwa baridi ingawa moto uliwaka karibu yake. Msuko wake wote ulikuwa umekwisha.

"Tangu ulipoondoka," Yamna akasema. "Hali, halali. Na nywele zinamtoka, Bassu, naziona zikimtoka, lakini nimefagia chumba hiki mpaka mikono inauma, sijaokota hata unywele mmoja."

Bassu hakuvua hata koti. Alipanda tena mlimani, akang'oa misumari yake mwenyewe. Ndani ya chumba kile kilichofungwa zulia lilikuwa limekua. Ulipoishia wekundu wa zamani palikuwa na mkanda mpana, laini, wa rangi ya kahawia ya nywele za bintiye, na alipoutia mkono ulikuwa na joto.

Alilishusha pamoja na miti yake, wakaliweka tena katika chumba cha wageni. Tuda akapumua, akanywa maziwa kidogo. Basi wakajua kwamba hawawezi kulitupa.

Walimwita fakihi. Alisoma mpaka sauti ikamkauka, akaandika aya kwenye bakuli, akaziosha kwa maji, akamnywesha mtoto. Tuda akalala usingizi mzuri. Fakihi alipokuwa akivaa viatu mlangoni, chanuo lilianza kugonga nyuma yake, polepole, kama anayemsindikiza mgeni. Hakurudi tena, na hata alipokutana na Bassu sokoni alipitia uchochoro mwingine.

Ndipo wakamwendea Lalla Heniya, mwosha maiti wa ng'ambo ya mto, ambaye ujanani alikuwa fundi wa kufuma. Alikuja, akakaa mbele ya zulia muda mrefu, akilinusa.

"Hili si la kufukiza," akasema. "Huyu Rabha alikufa na uzi mkononi, na wale wenyewe wa kijini, walio chini ya vizingiti, wakakaa naye miaka yote hiyo katika chumba kilichofungwa. Sasa simjui tena kama ni mtu au ni mmoja wao. Kisu kimemwacha katikati, hatoki, habaki, na amempata mtoto wa kumshika."

"Tufanye nini, Lalla?"

"Lipandisheni mitini upya. Wewe mama wa nyumba ulimalize kwa mikono yako. Kisha tulikate inavyopasa. Aliyemo atakwenda, na mwanao atapumua."

"Una hakika?"

Bibi akavitazama viganja vyake. "Nimeosha watu wengi, mwanangu. Zulia sijawahi kuliosha. Nakwambia ninachokijua."

Yamna alikaa kwenye kitanda cha mfumi siku theluji ya kwanza ilipojaribu kuanguka ikashindwa. Alidhani mikono itakuwa imesahau. Haikusahau, ilikwenda upesi kuliko enzi zake za usichana, na hivi karibuni akatambua kwamba haikuwa ikimsikiliza. Akikusudia mfupa wa samaki, lilitoka jicho. Akitaka uzi mweusi, mkono ulichukua mwekundu. Alipochoka, kando yake palikuwa na mtu asiyeonekana ambaye hakuchoka, pumzi yake baridi ikimgusa shingoni, na kila Yamna alipopitisha mshindio chanuo lilishuka kabla hajalinyanyua, du, du, likimharakisha, likimburuta kutoka mstari hadi mstari, asubuhi ikawa mchana na mchana ukawa magharibi, ncha za vidole zikachanika na damu ikaingia katika sufu, naye hakuthubutu kuacha kwa sababu nyuma yake, juu ya blanketi, Tuda alikuwa amelala kichwa kitupu, macho wazi, akiomba maji kwa sauti inayopungua kila siku.

Ukafika mwisho. Zilipobaki nafasi za mistari michache tu, mikono ya Yamna ilifuma alama asiyoifahamu: jicho dogo la pembe nne, na pande zake mbili misuko miwili midogo, ya kahawia.

Bassu alikuwa akimshikia taa. Aliinama, na kwa mara ya kwanza tangu masaibu yaanze uso wake ukafunguka.

"Hiyo naijua! Nimeiona kwenye mazulia mawili ya Asaka. Mama akipata binti ndiyo anaiweka. Ni mtoto huyo, Yamna. Ni Tuda. Anarudishwa."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Mimi na mazulia, nitakosea?"

Wakakumbatiana, wakalia kwa furaha. Katika kulia huko hakuna aliyeona kwamba mtoto ameacha kuomba maji.

Asubuhi walikuja wanawake wa mtaa. Lalla Heniya alifunga kitambaa cheupe kichwani, akachovya kitana katika maji, akaunyunyizia mtande kutoka kulia kwenda kushoto. Akatamka shahada kwa sauti ya taratibu, kama anavyomtamkia anayekata roho ili aifuate. Kisha akampa Yamna kisu. Yamna akakata. Nyuzi zilikatika moja moja, zikilia kama kamba za gambusi, na ya mwisho ilipokatika, ndani ya zulia mkasikika kwikwi moja ndogo. Halafu kimya. Baridi ikatoka chumbani kama mtu aliyefungua mlango.

"Amekwenda," Lalla Heniya akasema.

Juu ya blanketi, Tuda akaketi. "Nina njaa," akasema.

Vigelegele vilisikika hadi msikitini. Mtoto alikula mkate wa shayiri na samli, akala tena, akatabasamu kwa kila aliyembusu. Wanawake walipoondoka, Bassu alikwenda kuchinja kondoo wa sadaka, na Yamna akatia maji ya moto katika beseni amwogeshe binti yake.

Alimsugua mgongo akiimba. Mtoto alikuwa akiangalia dari, madirisha, bomba la maji, kimoja kimoja, kama anayehamia.

"Polepole, dada," akasema. "Mikono yako mizito."

Yamna akacheka. "Dada? Mimi mama yako, we mtoto!"

Msichana akageuka. Uso ulikuwa wa Tuda, na kovu dogo la nyusi alilolipata kisimani. Akamtazama Yamna kwa upole, kama mtu mzima anavyomtazama mwenye msiba.

"Mwanao alikuwa na vidole vyepesi," akasema. "Ameniachia pahali pazuri. Hakupata tabu sana. Alilia kidogo tu, yule bibi alipoanza kummwagia maji."

Yamna alifika chumba cha wageni bila kujua kama alitembea au alikimbia. Zulia lilikuwa limetandazwa sakafuni, limetimia, zuri kuliko yote aliyowahi kukusanya mumewe. Alilala juu yake kifudifudi, akaweka sikio kwenye lile jicho dogo lenye misuko miwili. Akaita. Akaita tena, kwa jina la utoto ambalo watu wengine hawakulijua. Ilikuwa sufu. Sufu baridi, iliyokufa, iliyooshwa na kusomewa na kukatwa kwa mkono wake.

Bassu alimkuta hapo, mikono yake yeye ikiwa na damu ya sadaka. "Vipi, mama Tuda? Mtoto anaendeleaje?"

Kule bafuni maji yalikuwa yakipoa, na aliyekuwamo alikuwa akitetemeka. Meno yake yalisikika yakigongana. Yamna akanyanyuka. Akachukua taulo kavu, akaenda, akamfunika.

Zulia walilizika usiku, wawili tu, katika makaburi ya watoto. Na mpaka leo, yule aliye ndani ya nyumba akikohoa, Yamna huamka akamfunika blanketi, maana mwili ule aliuzaa yeye.