Uzi wa Machi

Mlango wa kiwanda kile cha Timișoara haukumtambua mtu kwa sura wala kwa elimu. Ulimtaka asimame juu ya bamba la chuma, abonyeze kitufe kwa kidole na kusubiri taa. Taa ya kijani ilimaanisha kwamba mwili wake ulikuwa ukimwaga umeme tuli ardhini kupitia viatu, na kwa hiyo angeweza kuzikaribia bodi za kielektroniki bila kuziua. Taa nyekundu ilimaanisha abaki nje. Asubuhi moja ya Februari, zamu zikibadilishana, taa ilikataa katakata kubadilika mbele ya msichana aliyevaa koti jeusi la sufu lililomzidi mabega, na foleni nyuma yake ilikuwa imeanza kuziba njia ya tramu.

"Dada, umeme wako huo si ungeuacha nyumbani," alisema mtu wa katikati ya foleni. "Wengine tunalipwa kwa saa."

Msichana alibonyeza tena. Nyekundu.

Aliyemfuata kwenye foleni, kijana mrefu mwenye skafu ya kijani iliyofumwa na mtu asiye na haraka, alitoa mfukoni kichupa laini cha krimu ya mikono na kumpa.

"Ngozi yako imekauka, haipitishi kitu. Paka."

"Mwanamume anayetembea na krimu ya mikono," alisema msichana bila kugeuka.

"Mwanamume anayeingia kazini. Paka, utanisifu ukishafika ndani."

Alipaka, akabonyeza, taa ikawa kijani. Krimu hakuirudisha, wala haikudaiwa. Kwa watu wawili waliosomea elektroniki na kompyuta, ambao kwa kawaida huhitaji mchoro ndipo waelewe jambo, huo ulikuwa mwanzo wa haraka.

Msichana aliitwa Smaranda Aioanei, mzaliwa wa Botoșani, upande wa pili wa nchi. Kijana aliitwa Horia Bugariu, wa Lugoj, mji wa karibu. Wote wawili walikuwa mwaka wa nne katika chuo kimoja, ila katika makundi tofauti, na wote walikuwa wameletwa kiwandani kwa mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi waliyaita fildi. Mwisho wa fildi, Mhandisi Cornelia Stepan, msimamizi wao, alipaswa kutia saini. Bila saini hiyo hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kutetea mradi wake wa diploma mwezi wa Julai, angerudia mwaka. Kwa Horia, kurudia mwaka kungekuwa aibu. Kwa Smaranda, aliyeishi kwa ufadhili na kitanda cha hosteli, kungekuwa mwisho wa masomo. Alimweleza hivyo wiki ile ya kwanza, wakila langoși, mikate ya kukaanga iliyojaa jibini, katika kibanda cha karibu na hosteli, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa.

Walipangwa meza moja. Kazi yao ilikuwa kukagua na kulehemu upya bodi ndogo zinazopandisha vioo vya magari. Kila mmoja alivaa kwenye kifundo cha mkono bangili yenye bamba dogo la chuma upande wa ndani, na waya uliokwenda ardhini. Bangili ikigusa ngozi, umeme wa mwili haukai. Smaranda alikuwa mkali wa sheria. Mara mbili alimrudisha Horia kwenye kabati kwa sababu ya skafu. Horia alimwita Bi Mkaguzi, naye akamwita Bwana Krimu, na kabla ya Februari kuisha walikuwa wakirudi pamoja kando ya mfereji wa Bega wakiwa wameshikana mikono, Smaranda akisema kwamba mvulana wa Banat, jimbo la kina Horia, hutembea polepole kama anayepima shamba, na Horia akisema kwamba watu wa Moldova, jimbo la kina Smaranda, huongea kama wanaofukuzwa.

Tofauti ya maana kati ya pande hizo mbili ilijitokeza tarehe mosi Machi. Siku hiyo nchi nzima hupeana mărțișor, uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, kukaribisha majira ya kuchipua. Huko Banat wanaume huwapa wanawake, na mwanamume hauvai. Huko Moldova msichana humfunga mvulana. Horia alikuja na uzi wake umeshikizwa kwenye kadi, akampa. Smaranda aliupokea, kisha akatoa wake, uliosokotwa na mama yake kwa sufu, akamvuta mkono palepale kituo cha tramu na kumfunga.

"Sisi tunavaa mpaka mwezi uishe, halafu tunaufunga kwenye mti wa matunda," alisema. "Shangazi yangu alimvua mumewe katikati ya mwezi, wakati wa kufua. Mume akaenda Italia, mpaka leo anapaka rangi nyumba za watu huko."

"Hiyo si sayansi."

"Sijasema ni sayansi. Na kwenye meza uvue, unasikia? Sufu na bodi haviendi pamoja."

Horia alisema amesikia. Mwandishi wa habari hii haamini nyuzi, na ni haki kueleza kwamba Horia naye hakuamini. Hata hivyo, alipofika kabatini na kushika fundo, alimkumbuka yule mpaka rangi wa Italia, akaliacha. Akausogeza uzi chini ya bangili, mahali ambapo hakuna mtu angeuona. Mahali hapo ndipo pekee katika mwili wake ambapo uzi ungeweza kudhuru chochote.

Saa ya chakula, mezani pakiwa pamejaa wanaume wa zamu, Smaranda aliangalia kifundo cha Horia akaona bangili tu, waya ukiwa umechomolewa. Aliuliza uzi uko wapi. Wanaume wakainua vichwa.

"Uzi gani tena?" aliuliza mmoja. "Bugariu ameanza kupewa yeye?"

"Uko kabatini," alisema Horia, akicheka nao. "Si niliambiwa sheria?"

Jibu hilo lilifuata sheria kwa kila kipimo, na lilimuumiza Smaranda. Jioni, walipotoka, alitazama tena: kifundo kilikuwa kimefunikwa na saa pana ya mkononi. Hakuuliza. Aliamua kwamba mvulana anamwonea aibu, na uamuzi huo aliutunza vizuri. Alianza kupanda tramu ya mapema. Simu za Horia zilipoingia aliziacha ziite, akimwambia mwenzake wa chumbani kwamba ni watu wa matangazo. Horia, kwa upande wake, angeweza kuinua mkanda wa saa na kumaliza jambo. Lakini angemwonyesha uzi, angeamriwa auvue, na yeye alikuwa ameshaamua kutouvua. Watu wenye akili hufikia upumbavu kwa hatua zenye mantiki kamili.

Kisha bodi zikaanza kufa. Zilikuwa zinapita jaribio la kwanza, lakini zikiwekwa katika tanuri la majaribio zilizimika, na zote zilitoka meza moja. Mhandisi Stepan, mwanamke mwembamba wa nywele fupi za kijivu aliyevaa koti la kazi lililopigwa pasi kama la daktari, aliziweka chini ya hadubini. Chipu zilikuwa zimechomwa na umeme tuli. Katika lehemu ya bodi moja palikuwa pamenasa unyuzi mwekundu wa sufu.

Aliwaita wote mbele ya skrini. Hakupaza sauti. Alisema kwamba kuna mtu aliyekuja mezani na mărțișor, na macho ya wote yakaenda kwa Smaranda: alikuwa mwanamke, alikuwa wa Moldova, na tarehe mosi aliwagawia wasichana wa zamu nyuzi kutoka kwenye mfuko wa mama yake. Hakuna aliyemtazama Horia. Katika mji ule, kumfikiria mwanamume wa Lugoj akiwa na uzi mkononi kulikuwa sawa na kumfikiria akiwa na hereni.

"Wangu ulikaa kabatini," alisema Smaranda.

"Labda," alisema Mhandisi Stepan. "Kesho nitapima bangili ya kila mtu wa meza hii, mkono ukiwa katika mwendo. Kama zote ni nzima, nitabaki na uzi peke yake, na uzi una kwao. Saini yako itangoja."

Horia alifungua mdomo, akaufunga. Smaranda alimwona. Lakini alikuwa akitazama skrini zaidi ya uso wa Horia: wekundu ule uliokaribia kahawia, wa sufu iliyochovywa rangi jikoni kwao. Wasichana wa zamu aliwapa nyuzi za pamba. Wa sufu alimfunga mmoja tu.

Jioni simu iliita. Safari hii aliipokea.

"Smara, nisikilize kwanza."

"Uzi wangu uko wapi?"

"Mkononi," alisema Horia.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponifunga. Uko chini ya bangili."

Smaranda alikaa kitandani. Wiki nzima alikuwa amelia kwa sababu uzi ule haukuvaliwa, na sasa alikuwa anafukuzwa chuo kwa sababu ulivaliwa. Ushahidi wa penzi na ushahidi wa kosa ulikuwa kitu kimoja, na kilikuwa kimekuzwa mara mia kwenye skrini ya ofisi.

"Mbona hukusema leo?"

"Niliogopa. Wameshaniahidi kazi baada ya diploma, na baba ameshawatangazia watu Lugoj nzima. Unataka nifanye nini, mpenzi?"

"Usiniulize mimi. Mimi sitakutaja, Horia. Lakini usinifanye niwe mtu wa kukulinda. Hilo sitakusamehe." Akakata.

Kesho yake walijipanga mezani. Mhandisi Stepan alikuwa ameunganisha kipimo chenye taa na king'ora kidogo, na kila aliyeketi aligeuza kifundo huku na huku kama anayefungua kitasa. Smaranda alipita, taa ilibaki kijani, na kupita huko hakukumsaidia. Kila bangili nzima ilimsogeza karibu na Botoșani. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe ya mitihani, nywele zimebanwa kwa nguvu, na hakumtazama mtu.

Horia alikuwa wa mwisho. Chini ya bangili mkono ulikuwa mtupu. Aligeuza, taa ikabaki kijani.

"Nzima," alisema Mhandisi Stepan. "Inuka."

Horia hakuinuka.

"Mhandisi, hujapima jinsi ilivyokuwa," alisema. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa uzi mwekundu na mweupe, uliochakaa na kuingia vumbi la lehemu, akauweka mezani. "Ilikuwa na huu chini yake."

Alijaribu kuufunga kwa mkono mmoja. Uliteleza. Alijaribu tena, na watu wa zamu wakatazama kwa umakini ambao hawakuwahi kuutumia kwa bodi. Hatimaye akainua uso.

"Smara, nisaidie kufunga. Wewe ndiye unayejua ulivyokaa."

Smaranda alisimama pale alipokuwa, muda wa kutosha mtu kubadili nia. Kisha akaja, akapiga magoti kando ya kiti, akamfunga uzi kwa fundo lilelile la mama yake, na juu yake akavuta bangili. Mikono yake ilikuwa imara kuliko ya Horia.

"Geuza," alisema Mhandisi Stepan.

Aligeuza. King'ora kililia, taa ikawa nyekundu.

"Geuza tena." Kwa mama yule, jambo lililotokea mara moja halikuwa bado limetokea. King'ora kililia tena.

"Ee, Bugariu," alisema mmoja wa wanaume wa zamu, kwa sauti ya chini, "kumbe ni wewe uliyeposwa." Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Mhandisi Stepan aliufungua uzi kwa koleo, akautia katika mfuko wa plastiki wa rangi ya fedha, wa kuhifadhia chipu, akamwambia Horia arudishe kitambulisho cha mlangoni. Fildi yake isingetiwa saini, na ahadi ya kazi asahau. Kisha akamwambia Smaranda alete karatasi zake, akasaini akiwa amesimama.

Smaranda alimkuta Horia kwenye kabati, akikunja koti la kazi vizuri kupita kiasi.

"Jana ulinyamaza," alisema.

"Ndiyo."

"Ungenyamaza na leo?"

"Nilipoamka nilikuwa bado sijui. Nilipokuona na hiyo blauzi, nikajua." Akafunga kabati. "Ningeweza kukudanganya kwamba nilijua tangu jana."

"Ungeweza," alisema Smaranda. Hakumsindikiza.

Horia alipata nafasi nyingine kwa fundi wa lifti kule Lugoj; angetetea mradi wake mwaka unaofuata. Baba yake aliacha kutangaza. Alipiga simu mara chache, na Smaranda alipokea mara chache zaidi, wakazungumza kuhusu lifti. Lakini asubuhi moja mlangoni, fildi ya Smaranda ikiwa bado haijaisha, taa ilimkatalia tena, akakamua kile kichupa mpaka kikajikunja, hakikutoa kitu. Alitoka kwenye foleni na kupiga simu.

"Krimu imeisha," alisema.

"Nitaleta," alisema Horia.

Siku ya mwisho ya Machi, kabla hajatoka, Smaranda aliingia ofisini kuuliza kama angeweza kupewa uzi. Mhandisi Stepan alijibu kwamba ushahidi haurudishwi. Hata hivyo alifungua mfuko ule wa rangi ya fedha, akausokotoa uzi kwa koleo mbili hadi nyuzi mbili zikaachana, mwekundu akaurudisha mfukoni na mweupe akamsukumia mezani.

"Ulioonekana kwenye bodi ni mwekundu," alisema, akirudi kwenye skrini yake. "Mweupe hauna kesi."

Horia alikuwa anangoja nje ya lango, skafu ileile shingoni, kichupa kipya mkononi. Walikwenda hadi kwenye mti wa plamu ulio nyuma ya kituo cha tramu, uliokuwa umeanza maua. Horia alitaka kuufunga mwenyewe kwa mkono mmoja, kuonyesha kwamba amejifunza. Uzi ulianguka. Smaranda aliuokota, akashika ncha moja, akampa nyingine.

"Mwakani utanifunga tena?" aliuliza Horia.

"Mwakani utavaa mguuni. Vuta."

Baridi ya Aprili iliua maua yote ya plamu ile, na mwaka huo haikuzaa. Hilo halihusiani na uzi kwa namna yoyote inayoweza kupimika. Uzi wenyewe ulikaa pale mpaka majira ya theluji.