Wito wa Tatu Nyumbani kwa Pallmer

Meli ya watalii iling'oa nanga saa kumi na moja jioni, nami nikarudi nyumba ya Pallmer kufunga madirisha. Kazi hiyo ilikuwa ya Shangazi Icilda. Lakini Shangazi alikuwa na siku ya nane hajitambui, na Bwana Chisholm, meneja wetu, alisema madirisha hayajifungi yenyewe.

Pallmer alikuwa mfanyabiashara wa sukari na wa watu. Nyumba yake ya mawe inatazamana na gati, na ndiyo ya kwanza katika orodha ya vivutio vya mji wetu hapa Jamaika, mbele ya kanisa, ngome na soko la zamani. Mimi huwatembeza wageni humo mara nne kwa siku. Nimesimulia habari za mzee yule mpaka nimemchoka.

Kwetu, jua likizama, huitiki ukiitwa mara ya kwanza. Wala ya pili. Unasubiri ya tatu, kwa kuwa aliye hai ataita mpaka achoke, lakini pumzi ya mfu huishia mbili. Hata mtoto wa chekechea anajua. Ila sisi wa utalii tumefundishwa kingine: mgeni akisoma jina lako kifuani akakuita, itika papo hapo, tena kwa tabasamu. Shangazi ana miaka kumi na tisa kazini. Aliitwa akiwa anafunga dirisha la juu, akaitika kama alivyozoea.

Tangu hapo anashinda barazani, macho yamemkauka. Jua likizama anapiga magoti, anasugua sakafu kwa kiganja kitupu na kusema, "Naam, bwana." Basi, hana neno lingine. Asubuhi ile nilimpelekea uji wa mahindi, akaniuliza mimi ni nani. Mwanamke aliyenilea! Nililia kwa hasira.

Langoni nilimkuta Mzee Ferdie, mwendesha gari la farasi, akikunja turubai lake.

"Unaingia humo peke yako, we binti?"

"Naingia."

"Kesho ni usiku wa tisa. Ukipita, huyo shangazi yako ndo wa Pallmer moja kwa moja." Akashusha sauti. "Usiitike. Akikuzidi, mtukane. Wafu hawayawezi matusi."

"Mzee, mimi naimba kwaya."

"Basi mtukane kwa sauti ya kwaya."

Nikaingia. Mwanga ulikuwa bado upo kidogo, mwekundu mwekundu. Nikafunga dirisha la kwanza, la pili… Halafu nikasikia harufu. Nta. Nta na maganda ya machungwa. Sisi tuna mashine ya kung'arishia sakafu, na nta haijaingia mle tangu sijazaliwa.

Kshh… kshh… kshh…

Kumbi la nazi juu ya mbao. Bibi yangu alisugua sakafu hivyo hivyo, sauti hiyo siwezi kuikosea. Ilitoka ghorofani.

"Icilda," ikaita sauti ya mwanamume. Nyembamba, ya mtu asiyezoea kuita mara mbili.

"Naam, bwana."

Ilikuwa sauti ya shangazi yangu. Na shangazi yangu nilimwacha nyumbani.

Nikashika mhimili wa ngazi…

"Doreth."

Jina langu. Moja, nikahesabu.

"Doreth."

Mdomo ukafunguka wenyewe. Ile tabia ya kazi! Nikaung'ata ulimi mpaka nikaonja damu. Nikasubiri ya tatu.

Haikuja.

Woga ukageuka hasira, nikapanda. Chumba cha juu hakikuwa na mtu. Kumbi la nazi lilikuwa linakwenda peke yake, mbele, nyuma, likiacha rangi nyekundu ya sakafu nyuma yake. Kiti cha Pallmer, ambacho huwa tunakizungushia kamba wageni wasikikalie, kilikuwa kimebonyea katikati. Kamba ilikuwa chini.

"Pallmer!" nikapaza sauti. "Mwizi wa watu! Mbwa koko wewe! Umekufa, umeoza! Nyumba yako tunaionyesha kwa kiingilio, na chumba chako cha kulala tumekifanya choo cha wageni!"

Mengine siyaandiki, mchungaji wangu anajua kusoma. Kiti kikalia kwa uchungu. Kisha nikafanya asiloliweza yeye.

"Icilda Ottey, twende nyumbani."

Kumbi likapunguza mwendo.

"Icilda Ottey, twende nyumbani."

Kiti kikasogea upande wangu. Shubiri moja. Sikurudi nyuma. Nikavuta pumzi yote niliyonayo.

"Shangazi! Twende nyumbani!"

Kumbi likaanguka ubavu.

Nikatoka kinyumenyume, kama tufanyavyo kwetu ili mfu asitufuate, hatua kwa hatua, mpaka barabarani.

Nyumbani, Shangazi alikuwa amesimama getini. Mikono yake ilikuwa myekundu mpaka kwenye viwiko, na ilinuka nta.

"Dorrie," akasema, "nani kakufundisha matusi yale?"

Nikamkumbatia huku nacheka na kulia. Nilipowasha taa ya baraza ndipo nikaona nyayo. Peku, nyekundu, mbichi. Zilitoka barabarani, zikapanda ngazi, zikaingia ndani. Za Shangazi nilizitambua. Nyingine, hapana. Kubwa, ndogo… na za mtoto ambaye ndo kwanza anaanza kutembea.

"Ni akina nani?" nikanong'ona.

"Tulikuwa wengi mle," akasema. "Uliposema twende, wote walisikia."

Niliogopa, sikatai. Lakini niwarudishe wapi? Nikapika wali na maharage kwa tui la nazi, bila chumvi kwa sababu wafu hawaigusi, nikapanga sahani sakafuni. Asubuhi zilikuwa tupu.

Sasa jua likizama Pallmer anaita, jina baada ya jina, kila jina mara mbili. Humu ndani hakuna anayeitika. Mwanzoni alikuwa anaitia kule kule dirishani kwake. Juzi aliita kutoka sokoni. Jana, kutoka kona ya mtaa wetu.

Leo nimetoa kiti, nimekaa mlangoni. Na aje.