Kikuba cha Pili

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta shoga yangu Wanu wa Jang'ombe, na anayaapia mpaka leo.

Mumewe, Muhiddin, ni mlinzi wa kituo cha zamani cha umeme wa makaa ya mawe. Zamani kilikuwa kikiwasha mji mzima, lakini tangu umeme uje kwa waya wa baharini kutoka bara, tanuri lake halijaona moto. Kila Alkhamisi Muhiddin hununua vikuba viwili vya asumini, vile vishada vya kuchomeka nyweleni. Kimoja humletea Wanu. Cha pili hakifiki nyumbani.

"Nna mke mwenza mie," Wanu aliniambia, "na leo ntamjua."

Alasiri ile akamfuata kazini, akapenya ndani kwa mlango wa nyuma. Mwanamke hakumwona. Ndani mlikuwa kiza, na kikuba kilikuwa kimefungwa kwenye mlango wa tanuri, kibichi, kinanukia. Wivu ukampanda. Akakinyofoa, akakichomeka kwenye nywele zake upande wa kushoto. Chake, alicholetewa mchana, alikuwa nacho kulia.

Nyuma ya mlango ule wa chuma kitu kikagonga, taratibu, mara tatu.

"Muhiddin!"

"Naam!" Mumewe aliitika kutoka nje, getini. "Wanu? Umefuata nini humo? Hujagusa kitu?"

"Sijagusa."

Nyumbani akavua mtandio mbele ya kioo. Kikuba cha kushoto kilikuwa kibichi vile vile, kinanukia. Chake, cha kulia, kilikuwa jivu tupu, na jivu lenyewe bado la moto.